Kusafiri na paka: pikipiki, boti, treni au ndege, kazi inaanzia kwenye kitunga

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma waondoke. Mamia ya maelfu ya watu walishika njia. Wengine walienda Sake na Minova, wengine walivuka mpaka kuingia Rubavu upande wa Rwanda, wengine walipanda boti kuelekea Bukavu. Katika kukimbia namna hiyo, mbuzi anavutwa kwa kamba, kuku anafungwa miguu na kubebwa. Paka ndiye anayeleta taabu. Akisikia kelele na kuona watu wanakusanya vitu haraka, anaingia chini ya kitanda au juu ya dari, na hakuna mwenye muda wa kumngoja.

Tangu hapo watu wa mashariki ya Kongo wamehama tena na tena, kwa sababu ya vita, ya kazi, ya masomo, ya ndoa. Katika nyumba nyingi paka ana kazi yake: analinda unga, mahindi na maharagwe. Paka akiondoka, panya hutawala. Na huko unakohamia, panya wako pia. Kwa watoto paka ni rafiki. Kwa mzee anayeishi peke yake, mara nyingine ni mwenzake wa pekee ndani ya nyumba.

Kumsafirisha inawezekana, hata kwa mwenye mfuko mdogo. Lakini wengi wanaanza na swali la chombo: nimpeleke kwa basi au kwa boti? Madaktari wa wanyama wanaanza na mambo mawili mengine: paka atakaa ndani ya nini, na je, amechanjwa? Ukiwa na majibu ya hayo mawili, karibu chombo chochote kitamfaa. Usipokuwa nayo, hata safari ya pikipiki ya dakika kumi inaweza kumpoteza.

Paka anaogopa nini

Mbwa anamfuata mtu wake. Paka anashikamana zaidi na mahali. Anaijua nyumba kwa harufu: anasugua mashavu kwenye mlango, kwenye meza, kwenye miguu yako, na kila anaposugua anaacha alama yake. Ukimtoa hapo kwa ghafla, alama zote zinapotea. Kelele ya injini na sauti za watu wasiojulikana zinaongeza hofu, lakini chanzo chake ni kwamba hana tena mahali pake.

Ndiyo maana paka mpole wa nyumbani anaweza kugeuka mkali njiani, akakwaruza, akauma, akaruka. Kumpiga au kumfokea kunaongeza hofu tu. Kinachosaidia ni kumpa nyumba ndogo yenye harufu yake, ambayo itasafiri pamoja naye kutoka mlangoni hadi mwisho wa safari.

Kitunga kwanza

Katika maduka ya miji mikubwa unaweza kupata sanduku la plastiki la kubebea paka, lenye mlango wa chuma. Ni zuri, lakini bei yake si ya kila mtu. Sokoni kuna njia nyingine: nunua vitunga viwili vya ukubwa mmoja, uvikutanishe midomo na kuvifunga kwa kamba ngumu kuzunguka ukingo. Hewa inapita, paka hawezi kutoka, na mkono wa mtoto hauwezi kuingia kirahisi. Kitunga kiwe kikubwa kiasi cha paka kusimama na kujigeuza, lakini kisimzidi sana, maana kikiwa kikubwa mno anarushwa huku na huku kwenye mashimo ya barabara.

Ndani yake weka kipande cha kikwembe cha zamani ambacho amekilalia, na usikifue. Harufu hiyo ndiyo itakayomwambia kwamba bado yuko kwao. Kikwembe kingine kitumie kufunika kitunga kwa juu, ukiacha upande wa kupitisha hewa. Paka asiyeona fujo za nje anatulia mapema zaidi.

Makosa yanayoonekana mara nyingi ni matatu. La kwanza ni gunia lililofungwa mdomo: paka anakosa hewa na anapata joto, na ukifungua kidogo tu anaruka. La pili ni mfuko wa plastiki, ambao ni hatari zaidi ya gunia. La tatu ni kumfunga kamba shingoni na kumpakata: akishtuka na kuruka, kamba inamnyonga.

Usimuonyeshe kitunga siku ya safari kwa mara ya kwanza. Kiache wazi ndani ya nyumba wiki moja au mbili mapema, na umpe chakula humo. Katika mji kama Goma, ambako watu wanaweza kuambiwa waondoke kwa saa chache, ni vizuri kitunga kikae wazi daima kwenye kona moja. Paka aliyezoea kulala ndani yake ana nafasi nzuri ya kukikimbilia akiogopa, badala ya kukimbilia darini.

Chakula, maji na dawa

Usimlishe masaa manne au zaidi kabla ya kuondoka, maana tumbo likijaa atatapika njiani. Maji mpe mpaka wakati wa kutoka. Kwa safari ndefu, mpe maji kidogo kidogo kila mnaposimama, bila kufungua kitunga chote.

Maziwa si chakula cha safari. Paka wengi wakishakua hawawezi kuyameng'enya vizuri, na kuharisha ndani ya basi ni shida kwako na kwa jirani yako. Sambaza au ndagala ambao hawana chumvi nyingi wanafaa zaidi, au chakula alichozoea. Samaki wa chumvi kama makayabo atamletea kiu.

Usimpe dawa ya watu ili alale. Paracetamol, ambayo karibu kila nyumba inayo, inamuua paka hata kwa kiasi kidogo. Pombe pia ni sumu kwake. Kama unaona atasumbuka sana, muulize daktari wa wanyama kabla ya siku ya safari.

Choo kinataka maandalizi pia. Chukua beseni ndogo na mchanga mkavu au vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Paka mzima mwenye afya anaweza kujizuia kwa masaa kadhaa, kwa hiyo kwa safari fupi magazeti chini ya kikwembe yanatosha. Kwa safari ya siku nzima, tafuta chumba kilichofungwa, hata choo cha kituo, umtolee humo. Kamwe usimtoe kandokando ya barabara.

Pikipiki, taksi na basi

Pikipiki ndiyo safari fupi ya kila siku katika miji yetu, na pia ndiyo inayomtisha paka zaidi, kwa sababu ya kelele, upepo na kutikiswa. Mwambie motari kabla ya kupanda kwamba umebeba mnyama, mkubaliane mwendo. Kitunga kikae katikati, kati ya mgongo wa motari na kifua chako, ukikishika kwa mikono miwili. Usikifunge nyuma juu ya mizigo: huwezi kukiona, na kamba ikilegea hutajua. Paka asiingizwe ndani ya shati au jaketi. Akikuchana kifuani katikati ya barabara, aksidenti inaweza kuwapata ninyi watatu.

Kwenye basi au taksi, kitunga kiwe miguuni kwako au mapajani. Buti iliyofungwa haina hewa ya kutosha na joto linapanda haraka. Kadhalika usimwache paka ndani ya gari lililofungwa kwenye jua, hata kama unakwenda kununua maji tu. Paka akianza kuhema mdomo wazi kama mbwa, hiyo ni dalili ya hatari: msogeze kivulini, fungua madirisha, mlowanishe miguu na masikio kwa maji ya kawaida, na umpe maji anywe.

Kuna jambo lingine ambalo kila msafiri wa Kongo analijua. Baadhi ya abiria wanaogopa paka, hasa mweusi, kwa sababu ya imani za uchawi. Kubishana nao ndani ya basi hakusaidii. Mwambie dereva mapema, lipa nafasi ya mzigo kama anaiomba, funika kitunga kwa kikwembe, na ukae karibu na dirisha. Paka asiyeonekana hana maadui wengi.

Ziwani: maisha ya watu kwanza

Kwa paka, boti inaweza kuwa tulivu kuliko barabara ya mashimo. Historia inaonyesha kwamba wanyama hawa walianza kupanda vyombo vya maji zamani sana. Katika kisiwa cha Cyprus, watafiti walikuta kaburi lenye umri wa miaka 9,500 hivi, mtu amezikwa na paka karibu yake. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Ni lazima mtu alimvusha kwa chombo.

Katika ziwa Kivu, kati ya Goma na Bukavu, boti za mwendo kasi zinatumia masaa machache, na meli kubwa zinakwenda polepole zaidi. Kaa mbali na injini: moshi na kelele ndivyo vinavyomchosha paka. Weka kitunga chini, sehemu ya katikati ya chombo ambako mawimbi hayatikisi sana, na kisiwe juani. Usikifungue ziwani kwa sababu yoyote. Paka anayeruka majini hakuna atakayemrudisha, na mtoto anaweza kujitupa kumfuata.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku huko Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu wengi walikufa. Kwa hiyo angalia chombo kabla ya kumwangalia paka. Kama boti imejaa kupita kiasi au hakuna majaketi ya kujiokolea, usipande. Usifunge kitunga kwenye mwili wako, na usikitumie kuziba njia ya kutokea. Kukitokea hatari, okoa watu kwanza.

Treni na balenyera: safari za siku nyingi

Treni ya SNCC inayotoka Lubumbashi kupitia Kamina na Kabalo hadi Kindu, na balenyera zinazoshuka mto Kongo kutoka Kisangani, zinataka mpango mwingine. Hapa safari inahesabiwa kwa siku, na mara nyingi siku zinazidi zile ulizoambiwa. Kati ya Kisangani na Kinshasa peke yake kuna kilometa 1,700 hivi za mto.

Kwa safari ya namna hiyo, kitunga kidogo hakitoshi. Tafuta kizimba chenye nafasi ya paka kulala upande mmoja na beseni ya mchanga upande mwingine. Beba chakula cha siku mbili au tatu zaidi ya unazotegemea. Hakikisha anakula: paka asipokula kabisa kwa siku mbili au tatu, ini lake linaweza kuharibika, hasa akiwa mnene. Mwanzoni anaweza kukataa kwa sababu ya hofu. Mpe usiku, kelele zikipungua, samaki kidogo mwenye harufu.

Usimruhusu azunguke ndani ya behewa au juu ya mizigo, hata akionekana ametulia. Kituo kimoja chenye kelele kinatosha kumfanya ashuke, na treni haimngoji paka.

Chanjo: karatasi inayolinda watu

Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, kinampata paka pia, na paka anaweza kumwambukiza mtu kwa kumuuma. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, visa vinavyotokana na mbwa vinafika hadi 99 kwa mia, na ugonjwa huu unaua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Paka aliyeogopa ndani ya basi ni paka anayeweza kuuma. Ndiyo maana chanjo inamhusu pia abiria aliyekaa kando yako. Paka anaanza kuchanjwa akiwa na umri wa wiki 12 hivi, na chanjo inarudiwa kulingana na aina yake. Omba cheti chenye tarehe, jina la chanjo, na muhuri wa daktari.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa njiani, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya mtu. Msingoje kuona kama paka ataugua.

Kuvuka mpaka

Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, uwanja wa ndege ulifungwa. Kuanzia hapo, wasafiri wengi wa Goma waliotaka kufika Kinshasa walilazimika kwanza kupita Rwanda au Uganda. Kwa paka, maana yake ni kwamba safari ya ndani ya nchi imekuwa safari ya kimataifa, yenye mipaka miwili au zaidi.

Cheti cha chanjo na cheti cha afya kilichotolewa siku chache kabla ya safari ndiyo karatasi za kwanza zinazoulizwa. Nchi nyingi zinataka pia ruhusa ya kuingiza mnyama, iliyoombwa kabla. Upande wa Kongo, uliza ofisi ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV. Uliza pia masharti ya kila nchi utakayopita, hata kama unapita tu. Anayefika mpakani bila karatasi hizo anaweza kurudishwa, na paka anaweza kuzuiliwa. Kila unacholipa ofisini, omba risiti.

Ndege

Kwa ndege, uliza kampuni kabla ya kununua tiketi. Zipo zinazoruhusu paka ndani pamoja na abiria, mara nyingi akiwa hazidi kilo 8 pamoja na mfuko wake. Zipo zinazompeleka chini tu, mahali pa mizigo penye hewa na joto la kufaa. Na zipo zinazomkataa kabisa. Nafasi za wanyama ni chache katika kila ndege.

Hapa kitunga cha sokoni hakipokelewi kwa paka anayekwenda chini. Masharti ya shirika la makampuni ya ndege, IATA, yanataka sanduku gumu lenye matundu ya hewa, mlango usiofunguka wenyewe, chombo cha maji kinachojazwa kutoka nje, na nafasi ya paka kusimama na kugeuka. Madaktari wanashauri asipewe dawa ya usingizi, kwa sababu inashusha msukumo wa damu na huko chini hakuna wa kumwangalia. Kwenye ukaguzi wa usalama, paka anaweza kutolewa ili sanduku lipite kwenye mashine. Omba kufanya hivyo katika chumba kilichofungwa.

Anayemhamishia paka Ubelgiji au Ufaransa ahesabu miezi, si wiki. Kwanza paka anawekewa chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, yenye namba 15. Kisha anachanjwa, chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Baada ya siku 30 anatolewa damu, ipimwe katika maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Matokeo yakiwa mazuri, anangoja miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Mwishoni daktari wa serikali anasaini hati, na paka anafika ndani ya siku 10. Kwa hesabu hiyo, paka wa Kongo ambaye hajaanza chochote anahitaji zaidi ya miezi minne. Wanaoanza baada ya kupata viza ndio wanaoondoka bila paka wao.

Baada ya kufika

Paka wengi wanapotea wakati safari imekwisha. Mwenye nyumba anafungua kitunga uani, kwa furaha ya kufika, na paka anakimbia kutafuta nyumba ya zamani ambayo iko mbali kilometa mia. Hajui jirani, hajui mbwa wa mtaa, hajui pa kujificha.

Mfungulie ndani ya chumba kimoja, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Kama nyumba ni ya mbao, ziba nafasi kati ya mbao na chini ya paa. Weka kitunga kwenye kona na mdomo wake wazi, pamoja na kikwembe kile kile, chakula, maji na beseni ya mchanga. Usimvute atoke, atatoka mwenyewe, labda usiku. Akianza kula, kusugua mashavu kwenye ukuta na kulala katikati ya chumba, ameanza kuweka alama zake.

Mzuie ndani wiki mbili hadi tatu. Siku ya kumtoa mara ya kwanza, mtoe kabla ya chakula cha jioni, akiwa na njaa, na umwite baada ya muda mfupi kwa sauti aliyozoea. Paka anayejua sambaza wake wako wapi atarudi.